Panya Waliokunywa Mzizi wa Mamkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na paa la nyumba ya panya linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Fundi wa chuo amekuja, akaitazama ndoo, akasema ni ndoo nzuri, akaenda zake.

Kazi mpya nayo imeanza. Kuna mwanafunzi tunayemwita Miwani, kwa sababu huvaa miwani machoni na nyingine huisahau kichwani. Anataka kujua kama ule mzizi akina mama wanaousifu kuwa ni dawa ya kupata mtoto unafanya kazi kweli, na unaacha nini kwenye ini, figo na kizazi. Panya majike wengine watapewa maji ya mzizi kila asubuhi, wengine maji matupu yaliyotiwa rangi ya chakula ili yafanane. Kuna vizimba vya lebo nyekundu na vya lebo ya kijani. Nani anapewa nini, anajua Daktari peke yake, msimamizi wetu, ambaye hujaza chupa mwenyewe ofisini kwake kajifungia. Miwani hajui, na mimi mtunza panya sijui.

"Ukijua, utaona unachotaka kuona," Daktari ametuambia. "Hapa hakuna kubashiri."

Nimeitikia vizuri kabisa, huku kichwani nimeshaanza kubashiri.

Na huo mzizi umetoka wapi? Kwa mamkwe wangu! Mimi ndiye niliyempeleka Miwani. Ameshinda uani kwetu akifundishwa kuukata, kuuchemsha mpaka maji yabaki nusu, na kuuchuja kwa kitambaa. Mamkwe hakutaka chochote. Aliuliza tu, "Jina langu litaandikwa?"

Jumanne, 4 Machi

Panya mmoja wa kijani ameniuma kidole. Nimempa jina la Bosi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimwandike Wifi, maana asubuhi ya leo imenikaa moyoni.

Wifi ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ana mikono ya dhahabu. Mtaa mzima, mtoto akizaliwa, nguo za kwanza anashona yeye. Yeye mwenyewe ana miaka minne kwenye ndoa na hajapata. Mwezi wa tatu tu baada ya harusi, Mamkwe aliona binti yake anachelewa, akamwanzishia mzizi. Miezi mitatu, jamani! Hata mkate unahitaji muda kuumuka, na mume wa Wifi ni mwoka mikate, angeweza kumweleza.

Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Wifi anakuja uani kwetu. Mamkwe anampa kikombe, anasimama mbele yake na mikono kiunoni mpaka tone la mwisho liishe. Mtu mzima, ana mume, ana duka, lakini anakunywa kafumba macho kama mtoto anayepewa mafuta ya nyonyo.

"Wifi, hauchoki?" nimemuuliza leo, Mamkwe alipoingia ndani.

"Nimechoka na uchungu wake, Wifi. Lakini ningekunywa hata mafuta ya taa kama yangeniletea mtoto."

Amesema akicheka, halafu akafuta mdomo na kwenda kushona kofia ya mtoto wa jirani. Nilitamani nimkumbatie, ila nilikuwa na unga mikononi.

Jumatano, 12 Machi

Nimejifunza kitu. Kila asubuhi, kabla ya kuwanywesha, Miwani anachukua tone la majimaji kutoka ukeni kwa panya, analitazama kwenye darubini, na anajua panya huyo yuko wapi kwenye mzunguko wake. Panya mzunguko wake ni siku nne, tano, basi. Nimemsimulia mume wangu mezani kwa furaha. Amesema yeye anakula, nimwache.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Leo tumewaingiza madume. Miwani ameona haya, amegeukia ukutani kana kwamba anasoma kalenda. Nimemwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyewaalika." Dume la kizimba cha mwisho lilizunguka mara moja, likanusa chakula, likalala. Wanaume!

Jumapili, 23 Machi

Mamkwe kila siku anauliza kama panya wake wana mimba. Namwambia, Mama, subiri. Anasema, "Panya ni wa kusubiriwa? Si wanazaana kwenye gunia?" Ameshawatangazia wateja wake wote kwamba dawa yake imeingia chuo. Anatembea na shingo ndefu. Kusema kweli ananichosha.

Jumanne, 8 Aprili

Wamezaa! Vizimba vya kijani, vitoto vyekundu vidogo kama vidole vya mtoto mchanga, vinalia vyote pamoja. Bosi amejifungua wengi kuliko wote na ameniuma tena. Upande wa lebo nyekundu, kimya. Jike mmoja tu amepata viwili, dhaifu.

Daktari alisema tusibashiri. Lakini mtu mwenye macho abashiri nini tena? Kijani ndiyo mzizi. Mamkwe alikuwa na haki ya kuirefusha ile shingo, na mimi nimekuwa nikimsema moyoni bure.

Alhamisi, 10 Aprili

Mamkwe amekuja kutembelea nyumba ya panya. Daktari mwenyewe ndiye aliyemwalika, kumshukuru kwa kutufundisha kupika dawa. Tulimvisha koti jeupe, kofia na glavu. Alivyojitazama kwenye kioo cha mlango akasema, "Ningesoma, ningekuwa hivi hivi." Sikubishana naye.

Alipoona vitoto vya kijani akapiga kigelegele, panya wote wakakimbilia pembeni.

"Hawa ndio wangu!"

"Mama, bado hatujui," Miwani akajaribu. "Rangi hazijafunguliwa."

"Mwanangu, wewe soma vitabu. Mimi nimewapa watoto akina mama wa mtaa mzima. Mwulize Mama Pacha. Mwulize mke wa kinyozi. Mti hujulikana kwa matunda yake, au chuoni mna njia nyingine?"

Akanigeukia mimi. "Wewe unayekaa nao, unaonaje?"

Nilijua jibu sahihi ni sijui. Lakini mvua ilikuwa imekatika, vitoto vinanyonya, mamkwe wangu ananitazama kwa upendo kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nikasema, "Kijani ni wako, Mama. Nakata shauri." Miwani akanikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema.

Njia nzima ya kurudi alinishika mkono. Koti hakulivua, itabidi lirudishwe kesho.

Ijumaa, 11 Aprili

Mamkwe amemwongezea Wifi: sasa ni kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nilipopita dukani mwake, Wifi alinijia na utepe wa kupimia shingoni, akaninong'oneza, "Wifi, niambie ukweli. Umewaona?" Nikamwambia nimewaona kwa macho yangu mawili, na kama ni mimi ningeongeza. Akalia kidogo, kwa furaha. Nami nikalia, kwa sababu siwezi kuona mtu analia nikakaa tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, mume wangu amevaa soksi mbichi, ananuna.

Jumanne, 22 Aprili

Makubwa! Wifi ametapika asubuhi. Na jana ametapika. Chakula hataki, harufu ya mikate ya mumewe haitaki, anataka kulala tu. Mamkwe amepiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wameitikia. Mwoka mikate amegawa mikate mtaa mzima, mpaka mlevi wa kona naye amepata. Nimecheza uani na mamkwe wangu, mvua ikitunyeshea, bila aibu.

Wifi alikaa kwenye kiti akitutazama, ametabasamu, amechoka. Nilimwambia ndiyo mimba changa hiyo, itapita.

Jumatano, 23 Aprili

Leo baadhi ya panya wa rangi zote mbili wamelazwa usingizi wasiamke, ili Miwani aangalie ndani. Siipendi siku hii. Nilikuwa napima uzito wa viungo kwenye mizani ndogo. Wa kijani wako sawa. Wa nyekundu, maini yamevimba na yamepauka, kizazi kimenywea.

Masikini hao waliokunywa maji matupu. Nimewaza labda wameugua kwa kukosa dawa. Nilipomwambia Miwani, alichukua ini la panya wa nyekundu akalipima upya.

Alhamisi, 24 Aprili

Ni usiku sana, lakini nisipoandika sitalala.

Alasiri Daktari alituita. Alikuwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, uso mzito. Akasema vipimo vya viungo vimekamilika, sasa rangi zinafunguliwa. Nilikuwa nimeshatayarisha tabasamu la kumpelekea Mamkwe.

"Kijani ni maji ya rangi," akasema. "Nyekundu ndiyo mzizi."

Nilimwambia amekosea. Mimi, mtunza panya, nikamwambia Daktari amekosea! Hakukasirika. Akarudia polepole. Waliokunywa mzizi, isipokuwa yule mmoja, hawakushika mimba, mizunguko yao ilisimama, na maini yao yameumia. Miwani akashika mkono wangu. Alijua. Alikuwa anajua nina wifi anayeunywa mzizi.

Ndipo nilipoona kila kitu. Kutapika, kuchukia chakula, kulala mchana. Nilitoka na koti la kazi na viatu vya mpira, nikapita kwenye mvua, watu wakinipisha njia wakidhani panya wametoroka.

Wifi alikuwa dukani, kaegemea cherehani.

"Wifi, hebu nitazame. Hapa kwenye mwanga."

"Kuna nini? Mbona unahema?"

Macho yake yalikuwa ya njano. Nilikuwa nimemwona jana, juzi, nikicheza ngoma, na sikuwa nimeyatazama macho yake.

Kabla sijasema neno, Mamkwe akaingia na kikombe cha jioni kafunika kwa sahani, mwavuli kwapani, anaimba. Wifi akanyoosha mkono kukipokea. Sikuwahi kumpokonya mamkwe wangu kitu tangu niingie ukoo huu. Leo nimempokonya, nikamwaga mlangoni.

"Umerogwa na panya wako?" Mamkwe akapiga ukelele. "Unamwaga kizazi cha mwanangu?"

"Mama, wale wenye watoto walikuwa wamekunywa maji. Maji tu, Mama. Waliokunywa dawa yetu hawakuzaa. Maini yao yamevimba."

"Mwongo! Wewe mwenyewe ulisema kijani!"

"Nilibashiri."

Nilisikia mvua kwenye bati. Nilitegemea anipige, na wallahi ningekaa kimya. Lakini Mamkwe hakunitazama mimi. Alimshika binti yake kidevu, akamgeuzia mlangoni, akayaangalia yale macho kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Tafuteni gari."

Hospitali, mganga wa zamu aliuliza kama mgonjwa ametumia dawa yoyote ya kienyeji. Wifi akatazama chini, akasema hapana. Alikuwa anamficha mama yake! Mamkwe akasimama.

"Ametumia. Ni mzizi, nachemsha mimi. Kikombe kila siku miaka minne, na majuzi viwili. Hakutaka, ni mimi niliyemsimamia. Andika."

Alimweleza mzizi wenyewe, majani yake, anavyoupika, kila kitu, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi, na wawili kati yao ni wateja wake. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi nikimwona ni domo tu. Nilikuwa simjui.

Jibu: ini limeumia, limevimba. Limewahiwa. Mimba hakuna.

Wifi hakulia pale. Alilia kwenye gari, kichwa kwenye paja la mama yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia Wifi, "Mimi ndiye niliyekwambia uongeze." Akasema, "Najua. Kaa hapa unichane nywele." Nimemchana.

Jumatatu, 28 Aprili

Mamkwe ameutoa mzizi wote stoo, akauchoma uani. Moshi wake umetukohoza sote. Mume wangu alitaka kutania, nikamfinya.

Chuoni, Daktari ameamua panya wa nyekundu waliobaki wasipewe chochote tena, waachwe tuone kama miili yao itarudi. Nimeomba niwahudumie mimi mwenyewe. Nawapa maji safi na nawaambia kwa sauti: jitahidini, mabibi, kuna mtu anawategemea.

Jumamosi, 10 Mei

Wifi amekula wali sahani nzima, akaomba ukoko. Mamkwe ameusimamia ukoko huo kwa macho.

Jumatano, 14 Mei

Miwani ametoka mbio kwenye chumba cha darubini, miwani ya kichwani imedondoka. Mizunguko ya nyekundu imerudi! Si wote, lakini wengi. Tumerukaruka mpaka nimeipiga ndoo teke. Madume wanaingia leo, na safari hii Miwani hakugeukia ukutani, alikuwa anawahimiza kwa mikono miwili.

Miwani pia alikuja jioni nyumbani, akamuuliza Mamkwe kwa woga kama jina lake liondolewe kwenye kazi yake.

"Liache," Mamkwe akasema. "Uandike na kwamba nimeacha kuuza."

Jumanne, 20 Mei

Hospitali wametaka na mume wa Wifi apimwe. Mwoka mikate amejificha stoo ya unga. Mamkwe ameingia kumtoa, wametoka wote wawili weupe. Amepimwa, yuko salama. Anajisifu mtaani kama aliyeshinda mashindano.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Fundi amekuja kuziba paa. Sasa!

Alhamisi, 5 Juni

Nyekundu wamezaa. Vizimba vitatu, vitoto vizima, vinanyonya. Nilimwita Wifi aje aone. Aliinama mbele ya kizimba kimoja, akamwekea yule mama panya kipande cha mkate wa mumewe. Nilikaa nje nimwache naye.

Ijumaa, 6 Juni

Majibu ya Wifi: ini limepona. Mganga amesema, "Sasa mnaweza kujaribu, na msinywe chochote nisichokijua." Mwoka mikate aliitikia kwa sauti kuliko ilivyohitajika, benchi zima likacheka.

Jumamosi, 7 Juni

Mamkwe alisema leo anakwenda kwa wateja wake wote, mmoja mmoja, kwa miguu, kuwaomba radhi na kuwaambia wakapime ini. Nilimwambia tunaweza kupiga simu. Akasema, "Dawa niliwapelekea kwa miguu." Basi nikamsindikiza.

Tulianza kwa Mama Pacha. Mamkwe hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. "Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Ule mzizi unadhuru."

Mama Pacha akaanza kusokota ncha ya khanga yake. "Mama, na mimi nisamehe. Sikuunywa."

"Hukuunywa?"

"Ulikuwa mchungu, Mama! Niliumwaga nyuma ya nyumba. Ulikuwa umejichosha kunichemshia, nikuvunje moyo?"

"Na ile shuka uliyoniletea kunishukuru pacha walipozaliwa?"

"Nilikuwa na furaha, Mama."

Tukaenda kwa mke wa kinyozi. Yeye alikuwa akisugulia masufuria, anasema unatoa masizi vizuri ajabu. Mwalimu wa chekechea aliramba kidogo siku ya kwanza, kwa heshima. Mke wa muuza mkaa alimpa mbuzi, mbuzi akakataa. Wote wenye watoto, wote aliojivunia, hakuna aliyekunywa hata mmoja. Kila mlango Mamkwe alishukuru, akaaga vizuri. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo kuzuia kicheko mpaka nikafika nyumbani mdomo unauma.

Wifi alikuwa amekaa kizingitini kwetu anatungoja. "Walisemaje, Mama?"

Mamkwe akakaa pembeni yake, akavua viatu. Hakucheka. "Wamemwaga wote. Mtaa mzima, mwanangu. Aliyenitii ni mmoja tu."

Hapo kicheko changu kiliniisha. Wifi aliviangalia viatu vya mama yake, halafu akasema, "Si wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Mimi nimesikia la mkuu, nimevimba ini."

Mamkwe alimtazama. Akaguna. Kisha akaanza kucheka, akacheka akijipiga mapaja, machozi yakamtoka, na sijui ni wakati gani kicheko kiliisha kikabaki kilio peke yake. Wifi alimvuta, akamlaza begani, naye mwenyewe anacheka na kulia. Mimi nilijiunga bila kualikwa.

Alipotulia, Mamkwe alijifuta uso kwa kiganja, akamshika binti yake kidevu kama siku ile dukani.

"Mwanangu," akasema, "siku nyingine nikikupa kitu ukaona kichungu, mwaga."